Kufundisha Afya ya Uzazi kwa Vishikwambi Lamu

Kabla ya kuchagua programu yoyote, uliza kwanza simu ni ya nani. Kijana wa miaka 14 hapa Lamu aghalabu hana simu yake mwenyewe. Huazima ya mama au ya kaka, na ujumbe wa sauti uliomkusudia yeye huenda ukasikizwa na nyumba nzima. Kwa hiyo masomo haya yaweke kwenye vishikwambi vya shule, navyo visitoke shuleni.

Intaneti usiitegemee. Pakua video mapema na uzihifadhi katika kompyuta moja yenye Kolibri, programu ya bure inayoviwezesha vishikwambi vya darasani kusoma kutoka kwenye kompyuta hiyo bila bando, hata ukiwa Faza au Kizingitini, kule kisiwani Pate. Kila video itazame mpaka mwisho ukiwa peke yako. Wazazi nao waonyeshe yaleyale watakayoyaona watoto, na ukiweza mwalike somo wa mtaani (yule kungwi, si hili la darasani), kwa kuwa kina mama huridhika upesi wakimwona ameketi nao mbele ya skrini.

Penye faida kubwa ni kwenye maswali ya wanafunzi. Tengeneza ndani ya vishikwambi fomu ya kuyaandikia, isiyouliza jina wala nambari ya simu, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchakata taarifa za mtoto, nawe huna haja nazo. Mwambie kila mwanafunzi aandike kitu, hata asiye na swali aandike "sina", ili vidole vyote viwe kazini na asijulikane aliyeuliza. Utakutana na swali kama hili: "Programu ya hedhi inasema nimechelewa siku tisa, je, mimi ni mgonjwa?" Eleza kwamba programu nyingi huanza na hesabu ya siku 28, ilhali kwa msichana aliyevunja ungo karibuni mzunguko wa siku 21 hadi 45 ni wa kawaida, ila aliyewahi kukutana kimwili na mwanamume asiridhike na hesabu hiyo, bali apimwe mimba. Ongeza kuwa programu hizo si kinga ya mimba.

Swali likidokeza kwamba mtoto ameguswa au amelazimishwa, usilisome darasani. Linakili na umpelekee afisa wa watoto. Kwa kuwa humjui aliyeandika, mwisho wa kila kipindi waambie wote, bila kumkazia mtu macho, kwamba nambari 116 ya Childline Kenya, shirika la kuwasaidia watoto, hupigwa bila malipo, na kwamba aliyebakwa awahi hospitalini mara moja, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita. Nambari hiyo waikariri. Wasiihifadhi katika simu ya kuazima. Kisha futa maswali yote kabla vishikwambi havijarudishwa kabatini.