Je, kilo ya dukani imetimia? Jaribio la upande mmoja, hatua kwa hatua

Mama mmoja wa kikoba chetu aliniletea pakiti kumi za sukari, za kilo moja moja, akauliza: "Mwalimu, hizi zimetimia kweli?" Kikundi hununua kwa jumla na kugawana, na wanachama walikuwa wameshaanza kushukiana. Hizi ndizo hatua tulizopitia.

1. Sampuli. Chukua pakiti kumi au zaidi kutoka marobota tofauti. Ukizitoa zote kwenye robota moja, umepima robota hilo tu. Anza na sukari. Unga hukauka ukikaa dukani, na baadaye hutajua kama kilichopungua ni unga au unyevu.

2. Kupima. Tumia mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Ya mshale iache. Kwanza ilinganishe na mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo, kwa sababu ikiwa inapunja gramu tano itazipunja kwenye kila pakiti, na hakuna hesabu itakayoligundua hilo. Kisha toa uzito wa mfuko mtupu. Mifuko yetu ilikuwa na gramu 8. Sukari yenyewe ilisoma hivi:

992, 1003, 985, 990, 998, 987, 1001, 994, 989, 991

Wastani ni gramu 993. Tungepima pamoja na mfuko tungepata 1001, na malalamiko yangeishia hapo.

Angalia pia kwamba hakuna pakiti moja hapa inayoweza kumtia mtu hatiani peke yake. Pendekezo R 87 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, huvumilia upungufu wa gramu 15 kwa pakiti moja ya kilo 1. Lakini linataka wastani wa shehena usiwe chini ya kilo iliyoandikwa, na upunjaji mdogo mdogo usioonekana kwenye pakiti moja hujitokeza kwenye wastani huo.

3. Kuchagua upande. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo soma taratibu.

Nadharia tete (dai tunalolijaribu kwa takwimu) ya kuanzia humpa muuzaji haki yake: wastani ni gramu 1000 au zaidi. Nadharia mbadala ni lile tunalolishuku: wastani uko chini ya 1000. Pakiti ikizidi, mnunuzi hajaumia, ndiyo maana tunaangalia upande mmoja tu.

Mimi natumia R, programu ya kompyuta ya takwimu. Ni ya bure, na amri yako inabaki imeandikwa, mwenzako anaweza kuikagua. Kwenye jedwali la kompyuta makosa hujificha ndani ya visanduku. Tatizo ni kwamba neno `alternative` kwenye amri (utaiona hatua ya 4) linataka nadharia *mbadala*. Siku ile akilini nilikuwa na "1000 au zaidi", nikaandika `"greater"` (zaidi) badala ya `"less"` (pungufu). Nikapata p ya karibu 1 (p ndogo ndiyo ushahidi dhidi ya nadharia ya kuanzia; hatua ya 5 inaieleza), nikawaambia watu shehena ni safi. Haikuwa safi. Kwa takwimu za leo kosa hilohilo lingetoa 0.9976 badala ya 0.0024. Ukiona p inayokaribia 1 huku wastani wako uko chini, simama, rudi kwenye neno hilo.

Upande hufuata anayeumia. Mkulima wa viazi anayelazimishwa lumbesa kwenye gunia linalohesabiwa kuwa la kilo 100 hupunjwa gunia *likizidi*. Kwake yeye `"greater"` ndiyo sahihi. Kiwandani pia, mfungashaji anayetaka kuthibitisha kwamba anajaza kupita kilo ataandika `"greater"`, kwa kuwa mzigo wa ushahidi ni wake.

Na upande uchaguliwe kabla ya kupima. Ukisubiri uone namba zimeegemea wapi ndipo uchague, ile 5% uliyojiwekea kama hatari ya kumtuhumu mtu bure inakuwa 10%.

4. Amri.

```
x <- c(992,1003,985,990,998,987,1001,994,989,991)
t.test(x, mu = 1000, alternative = "less")
```

Tunapata t = −3.71; t ni umbali wa wastani wetu kutoka 1000, ukilinganishwa na jinsi wastani wa sampuli unavyoyumba. Kwa mkono: kikomo cha pakiti kumi kwa 5% ni −1.833, nasi tumeshuka chini yake kwa mbali. Jedwali la t, kinakotoka kikomo hicho, asili yake ni William Sealy Gosset, mtumishi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyelitoa mwaka 1908 kwa ajili ya sampuli ndogo kama yetu.

5. Kusoma jibu. p ya 0.0024 maana yake: kama shehena ingekuwa na wastani wa kilo kamili, sampuli iliyopungua kiasi hiki au zaidi ingetokea kama mara mbili katika elfu. Haisemi nani kapunja wala kama alikusudia. Na p ingekuwa kubwa, isingethibitisha kwamba sukari imetimia; pengine pakiti ni chache, ongeza.

Sisi tulibakiza pakiti kadhaa bila kuzifungua, tukaziambatanisha na risiti na karatasi ya vipimo, akina mama wakazipeleka ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa.