Kutoka solfa ya kwaya hadi vidole kwenye kinanda

Wanaokuja kwangu kujifunza kinanda Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya karibu wote wanajua solfa, yaani do, re, mi, fa, so zikiandikwa kwa herufi. Waandikie d r m f s, wanaimba papo hapo. Waoneshe mistari mitano ya nota, wananyamaza. Nami nilianza hivyohivyo, kwa hiyo karatasi husubiri, tunaanza na kinanda.

Tazama vibao vyeusi: viwili, vitatu, viwili, vitatu, hadi mwisho. Cheupe kinachogusana na viwili upande wa kushoto ni C. Kinanda cha kawaida cha vibao 61 kina C sita, na ya tatu kutoka kushoto ndiyo C ya kati.

Kunja vidole kama umeshika chungwa. Gumba ni 1, kidole cha mwisho ni 5, mikono yote miwili. Gumba la kulia likae C ya kati, upige d r m f s huku ukiimba, kwenda na kurudi.

Ukitaka kufika d ya juu, vidole havitoshi, na hapa ndipo wengi huharibu. Piga 1, 2, 3, kisha gumba lipite chini ya kiganja lidake f, umalizie 1 hadi 5. Siri ni kuliwahisha: kidole cha 2 kikibonyeza tu, gumba lianze safari. Mimi niliinua kiwiko mwezi mzima, na kila f ikatoka kama imepigwa kofi. Kiwiko kitulie.

Sasa mistari. Hesabu kutoka chini. Alama ya mwanzoni mwa mistari ya mkono wa kulia imejizungusha kwenye mstari wa pili: hapo ni G. Ya mkono wa kushoto ina nukta mbili zinazobana mstari wa nne: hapo ni F. C ya kati ina kijistari chake peke yake, chini ya mistari ya kulia, juu ya ile ya kushoto.

Shika hili sana: d huhama, nota ya kwenye mistari haihami. Wimbo ukiwa ufunguo wa F, d ni F, na f inaangukia kibao cheusi, B-flati. Ndiyo sababu nawasihi wasiguse kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti ya kinanda chote, mwaka wa kwanza. Anayepiga kila wimbo kwa C akisaidiwa na kitufe hukwama siku akikalishwa mbele ya piano ya mbao.

Wiki hii chukua wimbo mmoja unaoujua kwa solfa, uandike sauti ya kwanza kwenye mistari kwa mkono wako, kisha uupige ukisoma ulichoandika.