Mwanao ni kwotabeki chuoni? Mwandalieni maisha ya baadaye angali uwanjani

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, mimi hapa Dallas kazi yangu ni kuwajazia watu fomu za kodi, na mtoto wa kaka yangu anacheza kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira kwenye mpira wa Kimarekani, katika chuo kidogo cha hapa Texas. Nawaandikia kwa sababu nawaona wengi wanapanga mambo kana kwamba NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, ni lazima. Timu ina kwotabeki mmoja tu anayeanza, na wengi wa hao wa vyuoni hawafiki huko.

Tuanze na skolashipu, yaani ufadhili wa masomo. Kijana asitie saini kabla hamjapata majibu ya maandishi. Ni ya mwaka mmoja mmoja, au ya miaka yote ya masomo? Akiacha mpira kabla ya digrii, chuo kitamlipia arudi kumaliza? Akiumia, nani atalipa matibabu akishaondoka? Tangu Agosti 2024, vyuo vya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, vinatakiwa kugharamia majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kumaliza. Kwa madaraja ya chini, ulizeni.

Akitaka kuhama chuo, pelekeni kwanza orodha ya masomo aliyofaulu kwa ofisi ya usajili ya chuo kipya. Waseme yapi yatahesabiwa kwenye digrii yake. Kocha hawezi kuwajibu hilo.

Sasa hela, na hapa naomba mnisikilize sana. Tangu Julai 1, 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake. Muuza magari akimpa dola 10,000 atokee kwenye tangazo, kwa kawaida zinaingia zote bila kukatwa kodi. Mwaka ukiisha inakuja fomu ya 1099-NEC, inayoonyesha alicholipwa mtu asiye mwajiriwa, na serikali inamhesabu kuwa amejiajiri: takriban asilimia 15.3 kwa ajili ya Social Security na Medicare, yaani pensheni na bima ya afya ya wazee, kisha kodi ya mapato juu yake. Fungueni akaunti ya pili, na siku ileile hela inapoingia hamishieni humo asilimia 30. Msiiguse, ila kulipa IRS, mamlaka ya kodi, ile kodi ya makadirio inayolipwa kwa awamu Aprili, Juni, Septemba na Januari. Hata gari la bure alilopewa kwa ajili ya tangazo ni kipato. Aliye kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, asisaini chochote kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na wakili wa uhamiaji, maana viza yenyewe inaweza kuingia hatarini.

Kuhusu kazi ya baadaye, hapa Dallas tuna Roger Staubach, kwotabeki wa zamani. Alishinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1963 akiwa chuo cha wanamaji, akatumikia jeshi hadi Vietnam, na alipoanza na Cowboys, timu ya NFL ya hapa, mwaka 1969 alikuwa na miaka 27. Msimu ukiisha alikuwa anakwenda kujifunza kazi ya majengo na viwanja katika kampuni ya mtu mwingine. Mwaka 1977, angali anacheza, akaanzisha kampuni yake, ambayo mwaka 2008 ilinunuliwa na Jones Lang LaSalle. Ninachompendea ni kwamba alijifunza kazi wakati jina lake bado linafungua milango. Mwanao naye, kiangazi kimoja angalau, aombe kazi kwa mfadhili wa timu: ofisini kwenyewe, si kupiga picha tu. Aandike namba za watu wanaomfundisha, na awapigie hata wakati hana shida.

Msisubiri mwaka wa mwisho. Kwotabeki Tommie Frazier aliiongoza timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska kutwaa ubingwa wa taifa misimu miwili mfululizo, 1994 na 1995, lakini damu ilikuwa imemganda mguuni, na mwaka 1996 hakuna timu ya NFL iliyomchagua. Kipaji kilikuwepo, mwili ukagoma.

Kwa hiyo kabla hajaondoka chuoni, aombe nakala za faili lake lote la matibabu: picha za goti na bega, na kila taarifa ya kugongwa kichwa, pamoja na tarehe. Nakala moja ibaki naye, nyingine iwekeni nyumbani. Akianza kuumwa kichwa au kusahausahau miaka baadaye, daktari wake ataanzia hapo.