SOMO: Injini inazungukia upande gani? Kwanza sema umesimama wapi

Wakuu, habari za kazi.

Mafundi wawili wanaweza kubishana asubuhi nzima juu ya injini moja, mmoja akisema inazungukia kulia na mwenzake kushoto, na wote wakawa sahihi. Mmoja kasimama upande wa puli, mwingine upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Nitatumia maneno mawili tu: "kisaa", yaani kama mishale ya saa inavyokwenda, na "kinyume".

Hatua ya 1: Tafuta mbele ya injini, si mbele ya gari

Mbele ya injini ni kwenye mikanda na puli ya krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Nyuma ni kwenye flaiwili, ambako giaboksi imefungwa. Kwenye Hilux au Land Cruiser puli inatazama rejeta, kwa hiyo hakuna utata. Kwenye Vitz injini imewekwa kwa upana, na puli iko upande wa tairi la kulia. Hapo ndipo wengi wanapopotea.

Ukitazama puli, injini nyingi sana za magari huzunguka kisaa. Ukihamia kwenye flaiwili, injini ile ile utaiona ikienda kinyume. Sababu inayotajwa mara nyingi ni hendeli. Kabla Cadillac hawajaanza kufunga stata ya umeme kwenye magari yao ya 1912, gari liliwashwa kwa mkono, na mtu wa mkono wa kulia huvuta hendeli kwa nguvu zaidi akiizungusha kisaa. Wale mnaowasha mashine za kusaga kwa hendeli hadi leo, tafadhali: dole gumba likae upande mmoja na vidole vingine, msilizungushie mpini. Injini ikipiga teke kurudi nyuma, dole lililozungushwa linavunjika.

Hatua ya 2: Thibitisha kwa macho

Weka gari nyutro, vuta handbreki, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta. Chora mstari wa chaki kwenye puli. Toa mikono na nguo zote karibu na mikanda, kisha mwenzako aguse stata nusu sekunde. Chaki itakuonyesha.

Hutaki kugusa stata? Kwenye injini zenye namba za taiming (wakati wa kuwasha mafuta) kwenye kava, soma 10, 5, 0. Alama ya puli lazima ipite 10 kabla ya 0, kwa kuwa 10 ni digrii kabla pistoni haijafika juu kabisa. Kutoka 10 kwenda 0 ndio mwelekeo wa injini.

Hatua ya 3: Jihadhari na Honda za zamani

Hapa nakaa kidogo kwa sababu paliniumiza. Nilipokuwa najifunza kazi tuliletewa CR-V ya kwanza, yenye injini ya B20B. Bolti ya puli iligoma. Tukafanya kama tulivyozoea kwenye Toyota: soketi kwenye bolti, mpini mrefu umeegemezwa kwenye chesisi, halafu stata kidogo ili krenki izunguke na bolti ilegee. Mpini haukukaa. Ulinyanyuka upande ambao hatukuutarajia, ukapita karibu na taya langu na kutoboa bomba la AC.

Injini nyingi za Honda za familia za B, D, F na H, ukizitazama puli, huzunguka kinyume. Bolti yenyewe ina nyuzi za kawaida, kwa hiyo stata haiilegezi bali inazidi kuikaza. Tumia mashine ya upepo, au kishikio maalumu kinachoingia kwenye tundu la pembe sita la puli.

Kwa nini Honda walifanya hivyo? Ukiielewa hii hutasahau tena. Gari likienda mbele, tairi la kulia ukilitazama kutoka nje linazunguka kisaa, na la kushoto linazunguka kinyume. Kwenye giaboksi ya mkono yenye shafti mbili, mwendo wa krenki hugeuzwa mara ya kwanza kati ya shafti na shafti, na mara ya pili kwenye gia ya difu, inayogawa mwendo kwa matairi. Mageuzo mawili yanarudisha mwelekeo ule ule, kwa hiyo krenki huzunguka pamoja na matairi. Toyota waliweka puli upande wa kulia, ikawa kisaa. Honda waliiweka kushoto, ikawa kinyume. Walipoleta injini za K, puli ilihamia kulia nazo zikawa kisaa kama za wengine. Fit ya kwanza ya 2001, yenye injini ya L, nayo ni kisaa.

Hatua ya 4: Boti

Baharini unasimama tezi (nyuma ya boti) na kutazama omo (mbele). Propela inayozunguka kisaa boti ikienda mbele ni ya kulia. Inayokwenda kinyume ni ya kushoto. Ikiwa mkononi, isimamishe sakafuni kwa kitovu chake na utazame panga lililo mbele yako. Likipanda kutoka kushoto kwenda kulia, kama nyuzi za bolti ya kawaida, ni ya kulia.

Mashine ya kuning'iniza nyuma ya boti ina krenki iliyosimama wima, na nyingi flaiwili yake huzunguka kisaa ukiitazama kutoka juu. Ukitia rivasi injini haibadili mwelekeo. Gia za chini ndizo zinazogeuza propela.

Manahodha wanalijua hili kwa mwili: boti ya propela ya kulia ukirudi nyuma, tezi huvutwa kushoto. Ukiweza kuchagua, funga gati kwa ubavu wa kushoto, rivasi itakusaidia kusogea.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Kigoma): Shikamoo fundi. Nina injini ya dizeli ya Hilux, nataka kuifunga kwenye boti ya mbao. Ninunue propela ya upande gani?

Jibu: Marahaba. Flaiwili ikitazama tezi, ukiwa nyuma ya boti unaiona inakwenda kinyume. Ukiunga shafti moja kwa moja bila giaboksi, unahitaji propela ya kushoto. Ukiweka giaboksi yenye jozi moja ya gia, mwendo unageuka na propela inakuwa ya kulia. Ziko giaboksi zisizogeuza, kwa hiyo zungusha kwa mkono uone kabla hujalipa.

Swali: Nikigeuza nyaya za betri, injini si itazunguka upande mwingine?

Jibu: Hapana, usijaribu. Utaunguza daiodi za alteneta. Hata ungeizungusha kinyume kwa njia nyingine, kemshafti, shafti inayofungua valvu, ingezifungua kwa mpangilio usio wake, na pampu ya oili ingeacha kusukuma oili.

Swali (Mombasa): Meli kubwa inarudije nyuma na nimesikia haina gia?

Jibu: Meli nyingi kubwa za mizigo zina injini ya stroki mbili iliyoungwa moja kwa moja na propela. Wanasimamisha injini, wanabadili taiming ya mafuta na ya hewa ya kuwashia, kisha wanaiwasha upya kwa hewa ya mgandamizo wa takriban ba 30 (ba ni kipimo cha mgandamizo), safari hii ikizungukia upande wa pili. Injini nzima inageuka.

Swali: Nikifunga mkanda wa taiming nimerudisha krenki nyuma kidogo. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Ulegevu wa mkanda unahamia upande usio na tenshena (kikaza mkanda) na jino linaweza kuruka. Zungusha krenki mbele kwa spana mizunguko miwili kamili, kemshafti itakuwa imefanya mmoja, halafu kagua alama zote. Zisipokaa sawa, fungua uanze upya.

Swali (Zanzibar): Boti yetu ina mashine mbili za kulia. Tuweke propela ya kushoto kwenye moja ili usukani usivute?

Jibu: Propela peke yake, hapana. Utatia gia ya mbele na mashine hiyo itavuta nyuma. Ukisema basi uiendeshe kwa rivasi muda wote, gia ya rivasi haikutengenezwa kubeba mzigo huo safari nzima. Inatakiwa mashine iliyotoka kiwandani ya kushoto. Kwa Yamaha ya stroki nne, F200 ni ya kulia na LF200 ya kushoto. Kwa sasa geuza kidogo ncha ya nyuma ya kile kipezi kilicho juu ya propela, nyuma yake, kuelekea upande ambao usukani unavuta. Fanya hivyo kwenye mashine zote mbili, ujaribu, kisha urekebishe tena kidogo kidogo.