Namna ya Kuomba Ridhaa Kabla ya Kupima Ubongo wa Mshiriki wa Utafiti

Kabla ya kuanza utafiti wa ubongo jijini Dar es Salaam, pata kibali cha kamati ya maadili, ambayo kwa ngazi ya taifa ipo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Kibali pekee hakitoshi. Mweleze mshiriki kwa Kiswahili chepesi kwamba vipokezi vitabandikwa kichwani ili kurekodi umeme wa ubongo, kwamba huenda akalazimika kufumua nywele alizosuka, na kwamba anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Kisha mwombe akueleze alivyoelewa, maana “ndiyo, daktari” mara nyingi ni heshima tu. Mwenye kifafa asihojiwe mbele ya majirani. Mkubaliane mapema nani ataarifiwa endapo picha ya MRI, yaani picha ya ndani ya ubongo inayopigwa kwa sumaku, nayo ikipigwa, itaonyesha uvimbe.