Kumpata kijana aseme kweli kuhusu tawasifu ya maisha magumu

Swali la "umejifunza nini?" mimi nimelifuta kabisa. Mwulize kijana wa miaka 14 aliyemaliza tawasifu ya mtu aliyekulia kwenye njaa na vipigo, atakujibu "nimejifunza kutokata tamaa", na mjadala utaishia hapo.

Mwambie achague ukurasa mmoja uliomkera, uliomtisha au uliomfanya afunge kitabu. Anakili sentensi moja, kisha aandike chini yake angependa kumwambia nini mwandishi. Hasira inaruhusiwa. Wengi humkasirikia mama wa mwandishi, halafu wakigundua kwamba mwandishi mwenyewe hana kinyongo naye, ndipo wanaanza kusoma kwa makini. Waulize basi: aliyeteseka ni mtoto, anayesimulia ni mtu mzima, nani kati yao anayemsamehe mama? Swali hilo lipe hata kipindi kizima.

Kabla ya yote, waambie wazi kitabu kina nini. Kama kuna ubakaji, sema. Usimlazimishe yeyote kusoma kwa sauti, wala kusimulia ya kwao. Yupo atakayeandika mambo yake mwenyewe badala ya ya mwandishi. Hayo usiyaguse kwa kalamu nyekundu. Zungumza naye faraghani, lakini usimwahidi siri, maana akiwa hatarini itabidi umhusishe mtu anayeweza kumlinda.

Na anayesema kitabu kimemchosha? Aeleze kilimchosha kuanzia wapi. Mara nyingi ni sura za mwisho, maisha yalipomnyookea mwandishi, na hapo huwa nakubaliana naye.