Swali moja kwa wiki: tunavyozoeza midomo yetu Kiingereza hapa Nsambya

Nilipotoka Bukavu kuja Kampala nilikuwa na Kiswahili, Kimashi na Kifaransa cha shule. Kiingereza nilianza kukitafuta hapa hapa, huku nikiuza vitenge. Siku hizi jioni, nikishafunga biashara, tunakaa barazani wanawake wanne au watano, tunaulizana maswali kwa Kiingereza kama nusu saa. Wengi wetu sarufi tumeshaisoma. Ukiwapa karatasi wanajua kwamba "go" ikipita inakuwa "went". Shida iko mdomoni, maana mteja hakusubiri ufungue daftari.

Chagua swali moja ambalo huwezi kulijibu bila kutumia kanuni fulani. Ulizaneni hilo hilo siku saba, na kila mtu ajibu kwa sauti, sentensi tano, kuhusu maisha yake mwenyewe. Usiwe na haraka ya kubadili swali. Siku ya kwanza unatafuta maneno. Siku ya nne maneno yapo, ndipo sikio linapoanza kusikia kosa.

Sisi tulianza na "What did you do yesterday?" Anzia ulipoamka: "I woke up at six. I fetched water. I took the children to school. I went to Owino. I sold two vitenge." (Owino ni soko la hapa Kampala.) Utagundua kwamba vitenzi vya siku yako ni kama ishirini tu, na vingi ndivyo vile vigumu visivyofuata kanuni: woke, went, bought, sold, paid, ate, slept. Vishike hivyo kwanza.

Kisha mwenzako akubane: "Did you sell anything?" Hapo ndipo karibu kila mtu husema "I didn't sold." Najua kwa nini. Kwetu alama ya wakati inakaa ndani ya kitenzi chenyewe: niliuza, na hata ukikanusha, sikuuza. Kiingereza hubebesha wakati neno moja tu. "Did" ikishaubeba, kitenzi kinabaki kitupu: "I didn't sell." Huwa nawaambia mzigo mmoja haupakiwi kwenye boda mbili. Rudieni swali na jibu hili mpaka lichoshe, kisha mrudie tena.

Sisi tuliosoma Kifaransa tuna mtego wetu: "I have seen him yesterday", kwa sababu "je l'ai vu hier" bado iko kichwani. Ukitaja jana, juzi au 2019, weka "have" pembeni: "I saw him yesterday."

Wiki ya pili, fungueni picha za familia kwenye simu. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke, wote ni "a-", kwa hiyo ulimi haujazoea kuchagua. Zungumzia mwanamume mmoja, kisha mwanamke, kwa zamu: "This is my brother. He drives a taxi. This is his wife. She sells tomatoes." Angalia "his wife". Kiingereza kinamtazama mwenye mali, Kifaransa kinatazama kinachomilikiwa, ndiyo maana nasikia dada zangu wakisema "her wife" juu ya kaka yao. Na hiyo "s" ya "drives" na "sells" itamkwe isikike.

Saa nazo tulizipa wiki nzima. Mteja aliniambia angekuja "at eight", nikaelewa saa nane mchana. Alikuja saa mbili asubuhi, akakuta nimefunga, akanunua kwingine. Waganda nao wakisema Kiganda huhesabu kama sisi, lakini wakiingia kwenye Kiingereza hubadilisha palepale. Tazama saa ya ukutani na useme namba unayoonyeshwa na mshale mfupi. "What time do you open?" "I open at eight."

Swali ninalolihangaikia zaidi ni lile lenye kukanusha ndani yake. Daktari anauliza, "You don't have any pain?" Kwa Kiswahili ungejibu "ndiyo, sina." Ukisema "Yes" peke yake, anaweza kuelewa kwamba unaumwa. Tumekubaliana barazani: "yes" au "no" haitembei peke yake. "No, I don't have any pain." "No, I haven't eaten." Hili lifanyieni mazoezi hata kama mengine mtayaacha.

Kuhusu kusahihishana: mwache mtu amalize, kisha mtajie kosa moja tu, lile la wiki hiyo. Dada mmoja aliacha kuja kwa sababu tulimkatiza kila sentensi, na ilitugharimu majuma mawili kumrudisha.

Na Kiingereza cha hapa mkipokee. Jirani akikwambia "You are lost!" anasema mmepoteana siku nyingi, kama Waganda wanavyosema "Obuze!". Kwenye taksi, "Extend, please" ni kuombwa usogee.

Asiye na wenzake atumie simu. Jirekodi ukijibu swali siku ya kwanza, usisikilize. Jirekodi tena siku ya saba, kisha sikiliza zote mbili ukiwa na kalamu, uhesabu "I didn't" ngapi zimetoka sawa.